Kwa Nini Mwaridi Hukatwa Jalidi Ikiisha

Sogeeni, jifunikeni vizuri, maana hadithi hii ina baridi mwanzoni na harufu mwishoni!

Kulikuwa na wakati, huku kwetu Uporoto, mwaridi ulikuwa mrefu kupita paa. Ulichanua kule juu kabisa, ndege wakafaidi, sisi tukaambulia maumivu ya shingo. Hakuna aliyethubutu kuukata, kwa sababu kila mwaridi ulipandwa kwenye kaburi la bibi wa nyumba, ukahesabiwa kuwa ndiye bibi mwenyewe. Na binti hakuozwa mpaka bibi achanue. Hata ua moja lilitosha, ilikuwa ndiyo baraka yake.

Basi Sekela alichumbiwa na Ambilikile, na alimpenda, msiniulize kiasi gani! Mwaka huo jalidi, ule umande unaoganda usiku, ilianguka kali ajabu. Mwaridi wa kwao ukaungua, matawi yakawa meusi. Mama yake akaketi chini.

"Bibi ametukataa, mwanangu. Hakuna harusi."

Sekela hakulia. Alikwangua gome kwa ukucha. Juu palikuwa pakavu, rangi ya ugoro. Akashuka, akakwangua tena na tena, hadi usawa wa magoti: kijani! Kijani kibichi kabisa! Akakimbilia mundu.

"Usithubutu!" mama akapiga kelele. "Unamkata bibi yako?"

"Simkati, mama. Namvua nguo zilizoungua."

Akakata kwa mshazari, juu kidogo ya kila jicho la kuchipulia, maji yasituame. Kikabaki kichaka kifupi cha kuchekesha. Majirani walimsema mpaka wakachoka. Mama yake hakumsemesha kabisa.

Mvua zikaja. Lo! Machipukizi mekundu yalitoka yakigombania nafasi, na siku wakwe walipofika, mwaridi ulijaa maua tele, usawa wa kifua. Shangazi yake Ambilikile akainama alitazame moja kwa karibu, akashtuka.

"Jamani! Kumbe yananukia!"

Watu wakasukumana kunusa. Miaka yote ile hakuna aliyejua! Mama akasogea wa mwisho, akanusa, machozi yakamtoka.

"Mama yangu alinukia hivi hivi," akasema, akamkumbatia Sekela.

Na tangu siku hiyo mwaridi haukupanda tena juu ya paa. Kila jalidi ikiisha hukatwa, na mkataji ni binti anayeolewa mwaka huo. Haya, Tupokigwe, mjukuu wangu, jalidi imekwisha, na mvua zikija wakwe zako watafika. Mundu ule pale mlangoni. Nenda kamvue bibi yako nguo.