Figa Lililobaki Mlimani

Jiwe lililokushika mlimani usiliache njiani.

Methali hii ilianza hivi, na tafadhali msinikatize, maana ninyi hupenda kuuliza mwisho kabla mwanzo haujakaa kitako. Asubuhi mmemsikia fundi wa matairi akimtupia dereva maneno hayo, mkacheka, mkadhani yametoka gereji. Yalitoka jikoni, kwa mama mmoja aliyekuwa amechoka na madereva kuliko alivyochoka na moshi.

Zamani, kabla ya lami, barabara ya kupanda Mlima Igodima ilikuwa ya changarawe, nyembamba, upana wa gari moja na nusu. Magari mawili yakikutana, moja lilirudi nyuma huku dereva wake akinung'unika. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde ambalo ukilichungulia unashika kofia yako. Chini kidogo ya kona ya kwanza palikuwa na kibanda cha Mama Tumpe, mjane aliyepika maharage na viazi kwa wasafiri.

Sasa, magari ya siku zile yalichemsha njiani kama vyungu. Gari likichemsha mlimani, dereva aliruka chini, akaokota jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu lisije likarudi kinyumenyume. Injini ikipoa, akatia maji, akawasha, akaondoka. Na jiwe? Jiwe lilibaki palepale, katikati ya njia. Ukimwuliza dereva alikujibu kwa kiburi kabisa: gari likishashika mwendo mlimani halisimamishwi kwa ajili ya jiwe. Walilisema hilo kana kwamba limeandikwa katika vitabu vya dini.

Kwa hiyo nani aliyeondoa mawe? Mama Tumpe. Kila asubuhi kabla ya kubandika maharage alipanda hadi konani, akayasukumiza mawe bondeni moja moja, akiwataja madereva kwa majina ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Miaka saba alifanya hivyo, na hakuna hata mmoja aliyemwambia ahsante. Wengine walikula kwake na kulalamika kwamba maharage yamechelewa.

Binti yake wa pekee, Tumpe, alikuwa ameolewa na kijana aliyeitwa Ambokile, mwenye pikapu ya kubeba viazi. Kijana mzuri, sikatai. Mchapakazi, mwenye salamu. Ila gari lake alilitunza kwa matumaini. Breki ya mkono ilikuwa pambo tu, tairi la akiba lilikuwa na upara, na rejeta ilivuja tangu mavuno ya mwaka uliotangulia. Mama Tumpe aliyaona yote hayo na moyo ukamwaka. Lakini angesema nini? Kwa desturi ya kwao, mama mkwe hamsemeshi mkwe wake uso kwa uso, wala hamtaji jina. Akiwa na neno, hulielekeza kwa kuku au sufuria, na mkwe mwenye akili husikia.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Tumpe alikuwa amejifungua mtoto wa kike katika hospitali ya mjini, ng'ambo ya mlima, na siku hiyo alikuwa anaruhusiwa. Ambokile alivaa shati lake jeupe, akapakia magunia ya viazi ili asiende mjini na gari tupu, akapanga kuyashusha sokoni kisha arudi na mke na mtoto jioni. Mama Tumpe alikuwa hajamwona mjukuu. Alikuwa ameshafua vitenge, ameshaweka unga wa uji kando, na alikuwa anaosha maharage huku moto bado haujawashwa, aliposikia injini inakohoa kule konani.

Kisha akasikia sauti: "Jiwe! Jamani, jiwe! Nileteeni jiwe!"

Akatoka nje. Pikapu imesimama katikati ya mwinuko, mvuke unatoka mbele, na Ambokile yumo ndani amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. Hawezi kushuka. Akiinua mguu, gari linarudi nyuma, na nyuma ni kibanda, na baada ya kibanda ni bonde.

Mama Tumpe akaangaza huku na huku. Jiwe hakuna. Yote alikuwa ameyasukumiza bondeni asubuhi ileile kwa mikono yake! Aliguna, akarudi ndani mbio, akang'oa figa moja kati ya mafiga yake matatu, jiwe zito jeusi kwa masizi, akapanda nalo kilima amelikumbatia kifuani. Akalisukuma nyuma ya gurudumu. Gari likarudi nyuma kidogo, likalala juu ya figa, likatulia.

Ambokile akashuka. "Ahsante sana, mama. Mungu akubariki."

Mama Tumpe akaligeukia gurudumu. "Wewe gurudumu," akasema, "ungekuwa na breki ya mkono, mimi ningekuwa napika saa hizi."

Ambokile akainamisha kichwa. Lakini haukupita muda, akachukua kitambaa na kuelekea kwenye mfuniko wa rejeta, ambao bado ulikuwa unafoka. Mama Tumpe akapiga kelele kumwambia kunguru aliyekuwa juu ya ukuta wa mlima: "Ee kunguru! Birika linalochemka hufunguliwa na nani kwa mkono? Si na yule anayetaka kwenda kumwona mtoto wake bila uso?"

Mkono wa Ambokile ukarudi wenyewe. Akakaa pembeni kungoja. Na unadhani alikata matawi kuwaonya wenye magari wengine? Wapi! Alikaa na kujipepea. Mama Tumpe ndiye aliyekata matawi, akayaweka hatua nyingi juu ya kona na hatua nyingi chini yake, ili anayekuja ajue mapema wala asishtukie kona ikimpa gari usoni. Alipomaliza, jasho lilimtiririka hadi kwenye visigino.

Injini ilipopoa Ambokile alitia maji polepole, akawasha, gari likanguruma, likashika mwendo. Akatoa kichwa dirishani.

"Mama, usijisumbue na jiwe! Nitalirudisha mwenyewe nikirudi!"

Akapotea konani. Figa likabaki katikati ya njia.

Mama Tumpe alisimama akilitazama jiwe lake. Lilikuwa hatua mbili tu mbele yake. Angeinama, angelichukua, na hadithi hii isingekuwepo, nanyi mngekuwa mmeshakwenda kucheza mpira. Lakini hebu fikirini: miaka saba ya mawe ya watu, na sasa la mkwe wake mwenyewe, tena la jikoni kwake! "Aliahidi mwenyewe," akaliambia jiwe. "Basi kaa hapo. Nikikuondoa leo, nitakuwa naondoa mawe mpaka kaburini. Akirudi akukute, aone aibu." Akachukua matawi yake kwa ajili ya mbuzi, akashuka.

Akabandika sufuria juu ya mafiga mawili na tofali. Sufuria ikainama upande kama mtu anayesikiliza umbea. Maharage yakaiva upande mmoja.

Saa tano akachungulia: figa lipo. Mwenye baiskeli alilikwepa, akatukana, akapita. Saa saba lori la mbao likalikwepa, tairi moja likining'inia karibu na bonde. Dereva akatukana, akapita. Saa tisa akachungulia tena. Figa lipo, na kila anayepita amemwachia anayefuata. Mama Tumpe akatikisa kichwa kwa uchungu na kwa raha kidogo, ile raha mbaya ya mtu anayengoja kusema, "Si nilisema?"

Saa kumi ukungu ukashuka.

Ukungu wa Igodima hauji kwa kubisha hodi. Mara mbuzi hawaonekani, mara mlango wa jirani hauonekani. Mama Tumpe alikuwa anakoroga uji wa mzazi, uji wa Tumpe, na mwiko ukamsimama mkononi. Uji wa Tumpe. Tumpe yuko wapi? Tumpe yuko garini. Gari linashuka mlima. Breki zake anazijua. Na jiwe jeusi limelala katika ukungu, katika barabara yenye upana wa gari moja na nusu, kwa sababu yeye, bibi wa mtoto, alitaka mtu aone aibu.

Aliutupa mwiko. Alivuta kanga nyekundu kwenye kamba, akakimbia. Alikimbia kwa miguu ambayo haikuwa imekimbia tangu harusi ya binti yake. Njia nzima alikuwa anasema neno moja tu: "Bado. Bado. Bado."

Alikuwa hajafika kwenye jiwe aliposikia injini juu yake. Hakuwa na muda wa kuliondoa. Akasimama kando ya ukuta wa mlima, akapunga kanga kwa mikono yote miwili, akapiga mayowe.

Taa mbili hafifu zikatokea. Ambokile akaona wekundu, akakanyaga breki, akarudisha gia. Gari likapunguza mwendo, likapunguza, lakini haikutosha. Gurudumu la mbele likapanda figa. Tairi likapasuka kwa mshindo. Pikapu ikayumba kuelekea bondeni, Ambokile akaushikilia usukani kwa nguvu zote, akaukata upande wa mlima, na gari likajibamiza mtaroni, likanyamaza.

Kisha mtoto akalia. Mama Tumpe hajawahi kusikia wimbo mtamu kuliko kilio kile.

Tumpe akafungua mlango, akatoka na mtoto kifuani, akasimama katikati ya barabara, ameduwaa.

"Toka barabarani!" mama yake akamkemea. "Unangoja lori likupokee? Panda huku juu, mbali na gari!" Akamvuta hadi kwenye ukingo mdogo juu ya mtaro, akawafunika wote wawili kwa kanga. Mtoto mzima. Tumpe mzima.

Ambokile naye alikuwa ameshashuka. Hofu yake ilikuwa imegeuka hasira, kama ilivyo kawaida ya wanaume. Akalipiga teke tairi lililopasuka, akaukabili ukungu kwa sauti: "Mpumbavu gani huyu ameacha jiwe njiani? Eti! Mpumbavu gani asiyejua kwamba kuna watu wana watoto?"

Akaliinamia jiwe ili alirushe bondeni, akaligeuza. Viganja vyake vikatoka vyeusi. Akavitazama. Akalitazama jiwe. Akalitambua.

Mama Tumpe akashuka kutoka ukingoni. Hakutafuta kunguru wala gurudumu la kuliambia. Alimtazama mkwe wake machoni, kwa mara ya kwanza.

"Ambokile."

Tumpe akaziba mdomo kwa kusikia jina lile likitajwa na mama yake.

"Jiwe hili lilikushika asubuhi ukiwa mlimani," akasema Mama Tumpe. "Kwa nini umeliacha njiani?"

"Mama, gari lilikuwa limeshashika mwendo..."

"Mwendo!" Sauti ikampasuka. "Kila mtu ana mwendo! Miaka saba nawasikia na mwendo wenu! Nani aliyekwambia njia inaisha pale unapopita wewe?"

Machozi yalikuwa yanamlengalenga Ambokile.

"Usilie peke yako," Mama Tumpe akasema, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Na mimi nililiona. Saa tano nililiona. Saa saba. Saa tisa. Nililiacha makusudi ili uaibike. Mpumbavu uliyekuwa unamtafuta, tuko wawili."

Kisha Mama Tumpe akajifuta uso kwa mkono wenye masizi, akawa mweusi kuliko sufuria yake, na akaanza kutoa amri, sasa desturi imeshavunjika hata hivyo. Taa za gari ziwake na kuzima ili zionekane. Matawi yakatwe, yawekwe mbali, juu ya kona na chini yake, tena mengi kwa sababu ya ukungu. Tumpe asiteremke ukingoni hata akiitwa na malaika. Na kabla jeki haijagusa gari, gurudumu lizuiwe.

"Kwa jiwe lipi, mama?" akauliza Ambokile, kwa sauti ndogo.

Mama Tumpe akamwonyesha kwa kidevu. Jiwe lilikuwa moja tu pale.

Kwa hiyo figa lilelile likawekwa tena chini ya gurudumu, na lile tairi lenye upara likafungwa badala ya lililopasuka. Kazi ilipokwisha, Ambokile akakusanya matawi yote na kuyatoa njiani, akarudi garini, akawasha. Injini ikaitika mara ya kwanza. Mama Tumpe akamtazama. Nadhani alikuwa amejiandaa kusema.

Ambokile akazima injini. Akashuka, akalitoa figa chini ya gurudumu, akalitazama gari, akaona haliaminiki hata kumshusha mke wake hatua mia. Akalisogeza ndani zaidi ya mtaro, likaegemea ukuta wa mlima mpaka kesho fundi aje. Kisha akalibeba figa begani, juu ya shati jeupe alilovaa kumpokea mtoto, akashuka kwa miguu hadi kibandani. Mama Tumpe akatangulia na mjukuu mikononi, Tumpe katikati, na yeye nyuma na jiwe lake.

Alipoingia akaondoa tofali, akalichomeka figa mahali pake, akaishikilia sufuria mpaka ikakaa sawa. Shati lile halikutakata tena maishani. Tumpe alilifua mara tatu, akakata tamaa. Ambokile aliendelea kulivaa akienda kupakia viazi, na kila dereva aliyemwuliza hilo doa la masizi begani limetoka wapi, alimjibu kwa maneno ya mama mkwe wake, mpaka yakavuka mlima yenyewe.

Basi sasa mmejua. Na lile tofali mlilokanyagia kufikia embe, mkaliacha mlangoni, ambapo nusura linivunje mguu saa hii nikija kuwasimulia: nendeni mkaliondoe kwanza, ndipo mcheze. Jiwe lililokushika mlimani usiliache njiani.