Kifaranga Aliyemkaribisha Mwewe

Nina ngano mdomoni!
— Iteme tuisikie!
Nitie na uongo kidogo?
— Tia, ukweli tutauokota!

Zamani, ndege walipokuwa na chuo chao, kideri, maradhi ya kuku, kiliingia kwa Mama Kuku. Akafa kifaranga huyu, akafa yule, akafa na yule. Akasalia mmoja. Mama akamwita Jalala, ili mauti yamdharau, akamfungia kizimbani.

Kila asubuhi watoto wa Mama Kanga walipita wakienda chuoni, kujifunza kuchakura na kumjua mwewe.

"Mama, niende?"

"Wanakohoa wale."

"Mama, nichungulie tu?"

"Kideri hakibishi hodi, mwanangu."

"Basi njoo wewe tucheze."

Mama alicheza. Lakini jamani, mama si rika.

Watoto wa Kanga walimwachia mchwa kwenye ufa wa kizimba, kisha wakarudi nyuma, wasimkaribie. Jalala alimla mmoja. Wa pili alimweka pembeni, akawa anaongea naye.

Siku moja mama alikwenda kutafuta chakula. Kivuli kikatua juu ya kizimba.

"Hodi!" alisema Mwewe.

Mgeni! Moyo wa Jalala ukaruka.

"Karibu! Shikamoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu mnono. Uko peke yako?"

"Peke yangu."

"Maskini! Sukuma komeo tucheze."

Angejuaje, jamani? Akasukuma. Akatoka mbio, vibawa wazi, amkumbatie.

Watoto wa Kanga walikuwa wakirudi. "Mwewe! Miibani! Miibani!" Jalala akasimama tu, akitabasamu. Wakamrukia wote, wakikohoa hivyo hivyo, wakamburuta hadi kwenye miiba. Mwewe akaondoka na unyoya.

Mama Kuku akarudi, akamkuta mwanawe chini ya mabawa yao. Alitaka kufoka, akalia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Mama Kanga, nifanyeje?" akamuuliza jirani yake aliyefika mbio. "Nje kideri, ndani mwewe."

"Shoga, hofu yako si ujinga. Mimi nami nilikosea, kuwapeleka wangu chuoni wakikohoa. Anayekohoa abaki nyumbani, wangu au wako. Wazima wakanyage majivu mlangoni, yaue maradhi miguuni, waende."

Wakangoja. Mama Kuku alisikiliza pumzi za Jalala, usiku na mchana. Zikabaki nyepesi. Kikohozi cha jirani kikaisha.

Jalala akakanyaga majivu, akaenda na wenzake. Hakugeuka nyuma. Mama Kuku akabaki peke yake mlangoni, akizisikiliza kelele zao, kama kuna anayekohoa.

Hapo pumzi yangu imekoma. Tamu mpelekeeni mtoto, chungu niachieni mimi.
— Tumepokea!