Mkate Nyuma ya Kuni

Wapendwa, leo twende kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Mwenyewe, mzee mmoja, alikianzisha kwa jiko moja la mkaa, akiunguza hiki na kile, mpaka akapata mkate uliompa jina mjini. Alipoajiri watu, akaweka desturi. Aliyeharibu mkate, mkate wake ulitundikwa kwenye msumari mlangoni kutwa nzima, wateja wauone na wacheke. Hakuwa mtu mbaya, jamani. Aliamini anawafundisha umakini.

Basi ng'ambo ya barabara kikafunguliwa kiwanda kingine, wakaoka mkate wa viazi vitamu, na wateja wakahamia huko. Ikabaki kidogo tu yule mzee afunge milango. Akawakusanya wafanyakazi, akawaombea, akawaambia anataka mawazo mapya na wasiogope kusema. Wakatazama viatu vyao. Mama aliyesimamia tanuri akajibu kwa niaba ya wote: "Sisi tunakufuata wewe, mzee." Mzee akaondoka ananung'unika kwamba Mungu amempa watu wasio na ubunifu. Nani kati yetu hajawahi kunung'unika hivyo?

Akaamua kujaribu mwenyewe. Jumapili, kiwanda kitupu, akakanda unga wa ulezi, akaoka. Mkate ukatoka mweusi nje, mbichi ndani. Mnajua alifanya nini? Hakuna jicho lililomwona, lakini aibu ilimshika kweli kweli. Akaenda kuuficha nyuma ya kuni.

Alipovuta gogo, kikaanguka kifurushi cha gazeti. Kikafuata kingine. Ilikuwa mikate! Ya ndizi, ya muhogo, mingine imekauka kama tofali. Mmoja, wa nazi, ulikuwa laini bado, ila umepasuka juu. Akaumega, akauonja. Tangu aanze kuoka hajawahi kula mkate mtamu kama ule, na moyo ukamuuma.

Kesho yake akauweka mezani mbele ya wote.

"Huu ni wa nani?"

Wakarudi nyuma hatua moja.

"Sigombi. Ni mtamu, nataka tuuoke. Nani kauoka?"

Mama wa tanuri akainamisha kichwa. "Si wetu, mzee. Labda ni wa wale wa ng'ambo."

Mmesikia? Afadhali sifa iende kwa mshindani kuliko kukubali kwamba walijaribu. Na mnaona kilichokosekana pale mezani? Mkate wake yeye, ule wa ulezi. Aliuacha nyuma ya kuni.

Sisi tulio wazazi, sisi wazee wa kanisa, sisi tunaoongoza watu kazini, tunamwomba Mungu atuletee watu wenye vipaji. Ameshatuletea. Wako majumbani mwetu na maofisini mwetu, wanaficha. Kuwaambia wasiogope hakutoshi, maana wanakumbuka tulivyowacheka. Mtu wako alipoharibu mara ya mwisho, ulimfanyia nini? Na wewe ulipoharibu, uliwaambia? Anza na hilo ukifika nyumbani leo, kabla hujamuuliza mtu yeyote ana wazo gani.