Ndugu wa Ziwa Moja

"Ukitaja nasaba, mtaje na msemaji." Wajukuu wa Bi Mize waliisikia methali hiyo kwenye posa ya binamu yao, mshenga alipoulizwa jambo akababaika. Waliporudi wakamkuta bibi yao jikoni akichagua mchele, wakamtaka awaambie imetoka wapi. Bi Mize akaweka ungo chini. "Maneno haya yalimgharimu mtu kabla hayajawa methali," akasema. "Yalianza hivi."

Palikuwa na mtu akiitwa Mbelwa, mjuzi wa nasaba katika mji wa Kwamkole. Hakuozwa mtu pale bila Mbelwa kuketi kwanza na wazee wa pande mbili, akazitaja koo zao mpaka kwa mababu, wenye damu moja wasije wakaoana. Wala si damu tu. Walionyonya ziwa moja nao walihesabiwa ndugu. Kumbukumbu ya Mbelwa ilikuwa kama ulimbo wa fenesi: kilichonasa hakibanduki. Ila ulimbo hauchagui ndege.

Nyumbani kwake alikulia Saumu, aliyeletwa akiwa mchanga kutoka Mgunga, mwaka wa njaa, baada ya mama yake kufa. Mbelwa na mkewe hawakujaliwa kuzaa. Saumu ndiye aliyewafanya waitwe baba na mama.

Saumu akapendana na Mdoe, kijana seremala, naye kaletwa kutoka Mgunga mwaka uleule. Posa ikaja. Mbelwa alipoketi kuzipanga koo kichwani, likamrudia neno alilolisikia zamani matangani, sauti ya mwanamke nyuma ya mgongo wake: "Mdoe na Saumu? Wale ni wa ziwa moja." Siku ile hakugeuka. Alilinasa neno, akamwacha mwenye neno.

"Siwezi kuificha nasaba kwa kuwa binti ni wangu," aliwaambia wageni. "Hawa ni ndugu. Wamenyonya ziwa moja."

Shangazi yake Mdoe akatua kikombe cha kahawa. "Nani kasema, mzee?"

"Inajulikana."

"Na nani?"

"Na watu."

"Huyo Watu anakaa nyumba ipi, tukamuulize? Ana mke? Anaitwa Watu bin nani?"

Wageni wakacheka. Mbelwa hakucheka. Maisha yake yote hakuwahi kuulizwa swali lile, akaliona ni tusi.

"Mimi ndiye Mbelwa," akasema. "Nikisema, nimesema."

Posa ikarudi ilikotoka. Saumu alikuwa nyuma ya pazia, akisikia yote.

Mdoe akaenda mashamba ya mkonge, akaoa hukohuko, akazaa. Saumu aliposwa tena na tena, akawa anakataa kwa adabu.

Miaka ikapita. Siku moja, kwenye matanga mengine, Mbelwa akaisikia sauti ileile: "Mpisheni huyo, mwenzangu wa ziwa moja!" Safari hii akageuka. Alikuwa Mwanamisi, msusi wa mikeka, akimtania mzee mmoja mwenye kipara.

"Bibi," Mbelwa akauliza, "wewe na huyu mlinyonyeshwa na nani?"

Mwanamisi akacheka mpaka akashika mbavu. "Tunyonyeshwe pamoja! Huyu alishaota ndevu mimi sijaota meno! Ziwa la maji, babu wee. Sisi wa Mgunga tumezaliwa kando ya ziwa, ndivyo tunavyoitana."

Kwamkole hapakuwa na ziwa. Watu walichota kisimani, na ziwa kwao lilikuwa la mama tu.

"Na Mdoe na Saumu?" Mbelwa akauliza.

"Mdoe alinyonyeshwa na dada yangu. Saumu alinyonya kwa mamake mpaka tulipomzika, kisha tukamlisha uji mpaka akaletwa kwenu. Nilikuwapo. Mbona hukuniuliza?"

Mbelwa alirudi nyumbani kwa mwendo wa anayesindikiza jeneza. Akamkuta Saumu akikuna nazi, akamweleza yote, hakujitetea. Saumu hakuinua uso. Nazi ikaisha, akawa anakuna kifuu kitupu. Hatimaye akasema, "Baba, neno ulilibeba vizuri. Ungembeba na aliyelisema."

Tangu hapo Mbelwa hakutaja ukoo bila kutaja kinywa. "Hili nimeambiwa na Mwanamisi, naye alikuwapo. Hili nimelisikia tu, simjui aliyesema, lipimeni wenyewe." Wazee wengine wakamfuata, na usemi ukaenea. Lakini Mdoe alikuwa na watoto wake, na njia ya mkongeni haikurudisha mtu.

Hapo Bi Mize akamaliza. Kisha mjukuu mmoja akauliza, "Na haya, bibi, wewe umeambiwa na nani?"

"Na Saumu mwenyewe," Bi Mize akajibu. "Tulikuwa majirani, mlango kwa mlango. Ndiye aliyenifundisha kukuna nazi."

"Alilia siku ile?"

Bi Mize akaurudisha ungo mapajani, akaanza tena kuchagua mchele.

"Hilo hakuniambia, mjukuu wangu, nami sitakuambia. Ukitaja nasaba, mtaje na msemaji."