Jina Moja Chini ya Mzeituni

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii imenishinda kuimaliza, labda ninyi mtanisaidia.

Huko Ugiriki aliishi profesa mzee wa uchumi, jina lake Anargiro. Alijaliwa kueleza mambo magumu hata muuza samaki akaelewa, na hakuwa mtu wa chama chochote. Mkewe, Evanthia, alijaliwa moyo wa kutoa. Binti yao, Kaliroi, alijaliwa vidole vya kupiga fidla, na alikuwa akipiga katika okestra kubwa ughaibuni. Na alikuwepo Leontio, mwanasiasa, aliyejaliwa ulimi wa kuvuta watu. Yeye na Anargiro walikuwa wamepingana tangu ujana wao, hata salamu hawakupeana.

Mwaka mmoja nchi ilikwama. Uchaguzi ulifanyika, lakini hakuna chama kilichopata wabunge wa kutosha wala kilichokubali kushirikiana na mwenzake. Benki zikafunga milango. Hospitalini dawa zikaadimika. Ndipo wajumbe wa Bunge wakamwendea Anargiro.

"Tushikie nchi kwa muda, Profesa, mpaka tutulie tupige kura upya."

"Siwezi," akajibu. "Mke wangu anaumwa."

Ni kweli. Evanthia alikuwa na ugonjwa wa kusahau, na daktari alishasema kwamba kufikia majira ya baridi huenda asimtambue mtu tena. Anargiro alikuwa ameapa kutobanduka kando yake.

Asubuhi iliyofuata, akili yake ikiwa imetulia, Evanthia alimshika mumewe mkono. "Nenda," akamwambia.

"Nikirudi huenda usinijue, mke wangu."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia leo, wakati bado naelewa ninachokupa. Huko hospitalini nako kuna wake za watu."

Lakini nani angemtunza? Kaliroi alikuwa ndiyo kwanza ateuliwe kuongoza wapiga fidla wote wa okestra yake, nafasi aliyoililia tangu utotoni. Akaambiwa akiondoka nafasi hiyo atapewa mwingine, basi. Hata hivyo akafunga mizigo. Alipofika nyumbani baba yake alianza kumlaumu, naye akamkatiza: "Baba, Mama ndiye aliyenifundisha kutembea. Sasa ni zamu yangu kumshika mkono."

Likabaki Bunge. Bila kura za watu wa Leontio, Anargiro asingepita. Wafuasi wa Leontio wakamnong'oneza, "Vumilia, Mheshimiwa. Nchi ikizidi kubanwa, watakuja kukupigia magoti wewe." Na kiti hicho cha kuongoza nchi Leontio alikuwa amekiota maisha yake yote! Akasimama mbele ya Bunge.

"Wagonjwa hawawezi kunisubiri," akasema. "Mpeni Profesa."

Chama chake kikamwita msaliti, kikamvua uongozi. Kiti kile hakukipata kamwe.

Basi Anargiro akashika nchi. Aliwaketisha mahasimu meza moja, na kila wiki akawaeleza wananchi redioni, bila kuwaficha, hali ilivyo. Polepole benki zikafunguliwa, dawa zikafika. Uchaguzi ulipokwisha alikabidhi madaraka, akaenda nyumbani siku hiyohiyo.

Alimkuta Evanthia ameketi dirishani, Kaliroi akimchana nywele.

"Mama, Baba amerudi."

Evanthia akamtazama, akatabasamu kwa adabu. "Karibu, bwana. Umetoka mbali?"

"Mbali sana," akasema Anargiro. "Naomba nikae nawe."

"Kaa tu. Mume wangu naye hatakawia. Atafurahi kukuona."

Akakaa, akamshika mkono, naye Evanthia hakuuondoa.

Baadaye wananchi walipanda mzeituni mbele ya Bunge, wakaweka jiwe dogo chini yake, la kutosha jina moja tu. Walitaka kuandika la Anargiro. Akakataa.

"Mimi nilikwenda kwa sababu kuna aliyeniwezesha. Andikeni lake."

"Ni nani huyo, mzee?" akauliza mchonga mawe.

Anargiro akafungua kinywa. Alimfikiria Evanthia, aliyetoa miezi ya mwisho ya kumjua mumewe. Akamwona Kaliroi, na vidole vyake visivyo na okestra. Akamwona Leontio amesimama peke yake nyuma ya umati. Mmoja wao angekosekana, asingekwenda.

Mchonga mawe ameinua patasi, anangoja. Haya, nyie mlionisikiliza: mngemwambia achonge jina la nani?