Hawa Nao Wako Tanurini

Mama mmoja wa Tukuyu, jina lake Tusekile, alikuwa na tanuri la udongo na waokaji wanne aliowapenda kama ndugu zake. Mikate yao ilisifika mji mzima. Mji ukakua, tanuri likazidiwa, naye akanunua tanuri la umeme, kubwa na la kung'aa. Tangu hapo mikate ikawa inatoka imebonyea katikati.

Kosa lilikuwa la mkono uliozoea. Tanuri la udongo humtaka mwokaji achungulie kila mara, asije akaunguza. Basi wakaendelea kuchungulia na kwenye hili jipya, na kila mlango ulipofunguliwa joto lilitoka, mkate ukanywea. Hawakujua. Tusekile naye hakujua. Aliona tu wateja wakimkimbia. Akaenda chuo cha ufundi cha pale mjini, moyo ukimuuma, kuomba vijana waliokwisha kufundishwa, ili wale wake wa zamani awaage.

Mwalimu Ambakisye hakumpa vijana. Alimwambia chuo kitawafundisha haohao alio nao, kwa tanuri hilohilo na unga huohuo, kwa sababu mafunzo ni kama nguo ya kushonesha: fundi sharti ampime mwenye mwili. Kesho yake akaja na aproni. Akakanda unga pamoja nao, akaimba nao wimbo wao wa kukandia, akawatazama wanavyochungulia. Akajua pa kuanzia. Akawaambia waokapo waimbe wimbo wote, na mlango usiguswe mpaka uishe.

Lakini Tusekile hakutulia. Asubuhi aliingia kuuliza kama wameshajua, na kabla chai haijapoa alikuwa amerudi. Lugano, aliyeanza naye kazi tangu mwanzo, kila akimwona wimbo ulimkatika, mkono ukaenda mlangoni wenyewe. Mikate ikabonyea tena. Tusekile akaona basi, imetosha, waondoke.

Mwalimu akamtoa nje kwa upole, akaurudisha mlango wa chumba cha kuokea.

"Mama, hawa nao wako tanurini," akasema. "Ukiwachungulia kila mara, nao watabonyea."

Tusekile akacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa peupe. Akaketi kwenye benchi, akaikalia mikono yake isije ikamponyoka. Ndani wimbo ukaanza, mdogomdogo, halafu kwa sauti za kushiba. Aliteseka, lakini hakuinuka.

Wimbo ulipokwisha, mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Lugano alitoka na mikate iliyoumuka ikavimba vifua, naye kifua chake vilevile. Tusekile alilia kwa furaha bila kujificha, akaimega ikiwa moto, akawagawia wote, hata wapita njia.

Nanyi mliokabidhiwa watu, mkawatia kwenye moto wa kujifunza: mlango mmeufunga, au mkono bado uko kwenye kitasa?