Mguu Mtupu wa Bwana Rogeri

Wakili hufunga ndoa, mwenyewe hukaa nayo. Hivyo ndivyo nilivyomjibu Haidari, mtoto wa kaka yangu, aliponitaka niende Korogwe nikamwombee radhi kwa mkewe aliyerudi kwao kwa hasira. Dada zake wawili, waliokuwa wakichambua mchele sebuleni, ndio walioniuliza, "Shangazi, msemo huo umetoka wapi?"

Nikawaambia umetoka mbali, na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Zamani za wafalme wa panga na farasi, Uingereza ilikuwa chini ya Edwini na Ufaransa chini ya Gontrani. Mkisoma vitabu vya historia mtaambiwa falme hizo zilioana zikapigana, zikaoana tena zikapigana tena. Mimi sibishani na vitabu. Hii ni hadithi, na katika hadithi mambo yalikwenda njia nyingine.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya jimbo moja la pwani, jina lake Valmora. Kila mfalme alisema ni la babu yake, na waliozikwa kwa ajili ya jimbo hilo walikuwa wengi kuliko waliobaki kulilima. Hata baba yake Edwini alivuka bahari kwenda kwa Wafaransa kuzungumza amani, akarudishwa ndani ya sanduku. Mwishowe wazee wa pande zote mbili wakachoka. Wakaamua Edwini amwoe Odilia, binti Gontrani, bibi harusi aje na Valmora yake, na vita viishe.

Edwini aliikubali ndoa, safari akaikataa. Alisema mfalme hafuati mke ng'ambo. Ukweli ni kwamba aliogopa, na mimi simlaumu. Akamtuma rafiki yake, Bwana Rogeri, akaoe kwa niaba yake, kama desturi yao ilivyoruhusu. Hata kwetu bwana harusi aliye mbali huweka wakili, lakini wakili wetu akishasema "nimekubali" kazi yake imekwisha, anasubiri pilau tu. Wakili wa kwao alikuwa na kazi moja zaidi. Kwa desturi hiyo bibi harusi hulazwa kitandani na nguo zake zote, mbele ya wazazi wake, askofu na wakubwa wa nchi. Wakili huvua kiatu kimoja na soksi yake, akaugusa mguu wa bibi harusi kwa mguu wake mtupu, na hapo ndoa huwa imetimia. Msicheke. Na wao wangeyaona ya kwetu wangecheka.

"Wewe itikia kila kitu," Edwini alimwagiza Rogeri, "mpaka mguu uguse mguu."

Odilia hakuwa na neno na ndoa. Kilichomuuma ni mama yake. Dada yake mkubwa aliozwa vivyo hivyo kwa mfalme mwingine, na mama yao hakumtia machoni tena mpaka zilipoletwa habari za msiba wake. Odilia alikuwa amejiapiza kwamba yeye hatapotea hivyo. Basi siku ya harusi, Rogeri alipokwisha kuvua kiatu, Odilia akaikunja miguu yake chini ya gauni.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Rogeri alishtuka, lakini jibu alikuwa nalo. "Mimi ni Edwini, mfalme wa Uingereza."

"Kama wewe ni Edwini, nina swali. Kila mwaka maua yakianza kuchanua, nitataka kuja kumwona mama yangu. Utanizuia?"

"Sitakuzuia."

"Nani atanileta?"

Chumba kizima kilimtazama Rogeri. Masikini, alikuwa amesimama na mguu mtupu juu ya sakafu ya mawe, baridi inampanda, na ameambiwa aitikie kila kitu. "Nitakuleta mwenyewe," akasema, "mpaka mlangoni kwa mama yako."

"Bila upanga?" Sauti hiyo ilikuwa ya mama mwenyewe.

"Bila upanga."

Askofu akaitikia amina. Odilia akainyoosha miguu yake.

Mwaka ukazunguka. Edwini na mkewe walikuwa wakiishi kwa heshima, zaidi ya hapo sisemi. Maua yalipoanza kuchanua Odilia akafungasha, na Edwini alipokumbushwa ahadi akaja juu.

"Rogeri! Nilikutuma ukaoe. Nani alikutuma ukaahidi?"

"Bwana wangu, ulinituma nikawe wewe, niitikie kila kitu."

"Basi endelea kuwa mimi. Mpeleke."

Odilia alikuwa amekwisha kuvaa joho la safari. "Mfalme wangu," akasema, "kama aliyeahidi hakuwa wewe, basi hata aliyenioa hakuwa wewe. Nitarudi kwetu na Valmora yangu, na wazee wakatafute panga zao. Kama alikuwa wewe, panda farasi. Wakili hufunga ndoa, bwana, mwenyewe hukaa nayo."

Edwini akasema, "Baba yangu alifia huko." Alikuwa hajawahi kulitamka hilo mbele yake.

"Najua. Ndiyo maana tukishavuka bahari tutapanda farasi mmoja, na mimi nitakaa mbele."

Wakaenda hivyo. Gontrani alitoka nje akamkuta adui yake hana upanga, na binti yake mwenyewe amemkinga kwa mwili wake. Hakujua la kufanya, akaagiza chakula. Mwaka uliofuata ikawa vilevile, na mwingine, na mwingine. Sisemi walipendana. Gontrani alimwona mkwewe mkavu, na Edwini aliona supu ya Wafaransa ni maji ya moto. Lakini ni taabu kumpangia vita mtu ambaye utakuja kukaa naye meza moja.

Kisha mama yake Odilia akafariki. Wakubwa wa Uingereza kwa nje walivaa nyeusi, moyoni wakashangilia. Walimwambia Edwini kuwa ahadi ilikuwa ya kufika mlangoni kwa yule mama, na mama hayupo. Sasa angeweza kwenda Ufaransa na jeshi, akatwae majimbo mengine.

Odilia alizisikia habari hizo. Maua yalipochanua hakufungasha kitu. Alishuka zizini, akamkuta mumewe anakaza tandiko la farasi kwa mikono yake.

"Mama hayupo," akamwambia kwa sauti ndogo. "Hakuna anayekudai tena."

"Miaka yote hiyo nilikwenda kwa kiapo cha Rogeri," Edwini akasema. "Mwaka huu naenda mimi. Kaburi la mama litapaliliwa na nani? Na yule mzee atakula na nani?"

Odilia alilia pale pale, mbele ya farasi. Edwini akamkabidhi Rogeri upanga wake amtunzie, wakaondoka, na Valmora ikaendelea kulimwa. Watu walioiona safari hiyo ndio walioushika msemo wa Odilia wakawaachia watoto wao: wakili hufunga ndoa, mwenyewe hukaa nayo.